Kahongya Zacharie na Kuta za Kavisa

Papa Kahongya Zacharie aliingia kazini katika Shule ya Msingi Kavisa, hapa Mususa, Butembo, tarehe tatu mwezi wa tisa mwaka 1984. Anatoka leo, Jumamosi, tarehe tano mwezi wa saba mwaka 2025. Ni miaka arobaini na mmoja kasoro miezi miwili. Katika muda huo shule imeongozwa na madiretere, yaani walimu wakuu, tisa, imekaguliwa na wakaguzi ambao hesabu yao nimeacha kuifuata, na imeahidiwa ukarabati mara kumi na mbili. Waliotimiza ahadi hiyo wametengewa kiti kimoja katika mstari wa mbele. Nina hofu kitabaki wazi.

Kamati ya sherehe ilimwomba mwalimu wa historia, ambaye ndiye mimi Virginie, aandike ukurasa mmoja wenye maneno mazuri. Waliniletea hata mfano: "mtumishi mnyenyekevu, mtulivu, mwenye kufagia kwa moyo wote." Nimeurudisha. Papa Zacharie si mtulivu, na ufagio ni kitu alichokishika pale tu ambapo mwenye zamu alikuwa amelala.

Tuanze na cheo chake. Siku alipoajiriwa, karani wa bureau, yaani ofisi ya elimu, alikuta fomu haina mahali pa kuandika mwashi. Hakujisumbua. Akaandika huissier, yaani mpeleka barua, na hivyo ndivyo serikali ilivyomjua kijana huyu wa miaka kumi na tisa hadi ameota mvi. Barua ya kustaafu iliyotufikia mwezi uliopita inamshukuru kwa "uaminifu katika kusambaza nyaraka." Kwa miaka arobaini na mmoja Papa Zacharie amepeleka barua moja tu. Nayo ilikuwa ya kulibomoa jengo hili.

Wageni wetu wa heshima wanaliona jengo lenyewe leo kwa mara ya kwanza, ingawa kadhaa kati yao wameliandikia ripoti. Basi niwasaidie. Lilianzwa mwaka 1951 na kumalizika 1953. Msingi wake ni mawe yaliyobebwa kwa vichwa kutoka mto Kimemi. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na chini zimepanuliwa kidogo ili zikae imara juu ya udongo wetu wenye kuteleza. Barza ya mbele ina matao kumi na moja, na ndani ya matao hayo hamna hata msumari mmoja: kila tofali limeegemea jirani yake. Juu kabisa ya kila darasa kuna matundu madogo ya kutoa hewa nzito, ndiyo maana watoto sitini wanaweza kusoma humo saa sita mchana bila kusinzia. Paa ni la vigae vya udongo, ambavyo sisi tunaita mategula, vilivyochomwa katika tanuru lililokuwa chini ya kilima.

Wakoloni walioamuru lijengwe hawakuwa watu wa kupendeza. Walitengeneza mlango mmoja mwembamba kwa ajili ya watoto wetu, na mwingine mpana, wenye ngazi za jiwe lililosuguliwa, kwa ajili ya mkaguzi wao aliyekuja mara moja kwa mwaka. Papa Zacharie alipopata funguo, aliupanua ule mwembamba, na chumba cha mlango wa mkaguzi akakifanya stoo ya fagio na ndoo. Kimebaki hivyo hadi leo.

Kazi alifundishwa na Mzee Kambere, ambaye alipokuwa kijana alichanganya chokaa ya kuta hizi, na ambaye mwaka 1984 alikuwa bado anakuja kila asubuhi kuzigongagonga kwa nyundo ndogo. Alimfundisha kusikiliza tofali: lililo zima linalia, lililooza linanyamaza. Alimfundisha pia jambo ambalo halikuandikwa katika ramani yoyote. Akampeleka nyuma ya jengo, upande wa kilima, akakanyaga majani.

"Maji inatoka kule juu, inapita chini kwa chini," alimwambia. "Balituchimbisha mufereji ya mawe hapa, miezi minne. Siku yenye itazibika, ukuta ya darasa la sita itapasuka. Usisahau."

Hakusahau. Wengine hawakuwahi kujua, kwa sababu hawakuwahi kuuliza.

Mwaka 1993 diretere mmoja, mtu wa kwenda na wakati, aliamua mategula yote yateremshwe na kuwekwa manjanja, yaani mabati, kama shule za kisasa. Papa Zacharie hakubishana. Alingoja siku ya mvua kubwa, akamwomba diretere waende pamoja kwenye salle, ukumbi wa jirani ulioezekwa manjanja, na huko akamuuliza jambo fulani kuhusu programu ya masomo. Diretere alijibu. Papa Zacharie akaweka mkono kwenye sikio. Diretere akajibu tena kwa kupaza sauti. Waliendelea hivyo kwa nusu saa, mpaka yule mkubwa akakauka koo. Habari ya manjanja haikusikika tena hadi alipohamishwa.

Mwaka 2014 mradi mmoja ulitujengea nyumba ndogo ya mikutano nyuma ya shule. Kati ya mahali pote penye nafasi, wakachagua juu ya mfereji. Papa Zacharie aliwaambia. Msimamizi alimtazama viatu, akamuuliza cheo chake, akacheka. Nyumba ikakamilika, utepe ukakatwa, na ndani yake mpaka leo haujafanyika mkutano zaidi ya ule wa kuizindua. Miaka miwili baadaye ukuta wa darasa la sita ukapasuka, kutoka dirisha hadi chini, ufa wa kuingiza kidole.

Mwezi wa kumi mwaka 2017 ikaja commission, tume ya kukagua majengo. Kiongozi wake alikuwa Bwana Roger, aliyetumwa kutoka jimbo lingine kuendesha mradi wa majengo ya shule kwa Butembo na Beni. Aliutazama ufa kwa muda wa kumaliza chupa ya Fanta. Kisha akaamuru nguzo tano zichorwe msalaba mwekundu, akasema jengo limechoka, libomolewe baada ya Pasaka, na mahali pake pajengwe bloku ya kisasa.

"Mukubwa, jengo haichoke," Papa Zacharie alisema mbele ya walimu wote. "Mufereji njo ilizibiwa. Mutupatie ruhusa tuzibule, kisha mutaona."

Bwana Roger alimgeukia diretere. "Huyu ni nani?"

"Ni huissier wetu, chef."

"Huissier? Très bien." Akamkabidhi bahasha. "Peleka hii barua kwa bureau. Kazi ya injenieri utuachie."

Walimu tulitazama chini. Papa Zacharie aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akateremka nayo kwa miguu hadi mjini, akaifikisha, akarudi na sahihi ya mpokeaji. Niliyemwona akirudi hakuwa mtu aliyekubali. Alikuwa amenunua mfuko wa simenti.

Kesho yake alibandika vipande vinne vya kioo juu ya ufa, kila kimoja kimeshikwa na simenti pande zote mbili, akaandika tarehe chini yake kwa kalamu ya risasi. Alitueleza: ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinavunjika. Baada ya wiki mbili vitatu vilikuwa vimevunjika. Mwalimu Henri alisema basi commission ilikuwa na haki. Papa Zacharie akajibu kwamba ukuta ulikuwa unasogea kweli, hilo hakuna aliyelikataa. Swali ni nani anayeusukuma.

Akaanza kuchimba. Kila siku baada ya masomo, katika mvua ya mwezi wa kumi na moja, peke yake, na jembe na sururu. Kwa kuwa nyumba ya mikutano ilikalia mfereji wa zamani, ilimbidi azunguke, mita ishirini na tatu za njia mpya, ili akutane na mawe ya Mzee Kambere upande wa pili. Walimu tulikuwa tukipita na miavuli yetu. Tulicheka. Naandika "tulicheka" kwa sababu nami nilicheka, na nilisema kwa sauti kwamba mzee anatafuta dhahabu. Ninaowadharau katika karatasi hii walikuwa na magari na mihuri. Mimi nilikuwa na mwavuli tu, na dharau yangu ilikuwa sawa na yao.

Katika majuma hayo jiko la nyumba yake, la udongo, lilianguka. Maji ya kilima cha Mususa yaliliingilia huku yeye akiyafukuza maji ya serikali. Mke wake, Mama Kavuo, alikuja shuleni akiwa na matope hadi magotini, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Zacharie! Serikali unaichimbia mufereji, na jikoni yako njo inalala chini. Niambie, nitapikia batoto wapi leo?"

Alipanda kutoka shimoni. Alienda nyumbani, akasimamisha miti minne, akatandaza plastiki juu yake, na kesho yake akarudi kuchimba. Mama Kavuo alipika chini ya plastiki ile hadi mwezi wa pili. Nilipomwendea mwaka huu kumuuliza habari za mume wake, hicho ndicho alichotaja kwanza, kabla hata ya kunikaribisha. "Andika na hiyo," aliniambia. "Wasimusifu tu bure." Nimeandika. Papa Zacharie mwenyewe anasema ndicho kitu pekee cha miaka arobaini na mmoja kinachomwaibisha.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi na mbili alifikia mfereji wa zamani. Ulikuwa umejaa matope na mizizi ya mikaratusi, lakini mawe yalikuwa yamekaa kama yalivyopangwa. Aliuzibua kwa siku mbili. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, yakatoka usiku na mchana, kisha yakawa meupe. Ndipo akabandika vioo vinne vipya, akaandika: 14/12/2017.

Mwezi wa kwanza vioo vilikuwa vizima. Wa pili vizima. Wa tatu, mvua ilipoanza tena, wazazi walikuwa wakipita kuvitazama kabla ya kwenda soko. Aliandika barua tatu kwa commission. Hazikujibiwa, nadhani walingoja azipeleke mwenyewe.

Jumatatu tarehe tisa mwezi wa nne mwaka 2018 mashine ya kubomoa ikaingia uwanjani. Watoto walikuwa wametolewa na mabenchi yamepangwa nje kama kwenye msiba. Bwana Roger alikuja na injenieri mgeni, msichana aitwaye Gaëlle, aliyetoka Kisangani wiki iliyotangulia. Kazi yake ilikuwa kutia sahihi tu, kwamba jengo ni hatari.

Alipouona ukuta wa darasa la sita, alisimama.

"Nani aliweka hii bioo?"

"Ni miye, mama," alisema Papa Zacharie.

"Tangu hiyo tarehe haiyavunjika?"

"Hata moja. Na mvua ulisikia yenye ilinyesha."

Gaëlle alitoa kamba yenye risasi, ya kupimia wima, akapima ukuta kona kwa kona. Akaomba aonyeshwe mfereji, akateremka shimoni na viatu vyake vipya, akaingiza mkono kwenye maji. Ilichukua saa mbili. Dereva wa mashine alikuwa amezima moto, ameketi kwenye gurudumu anakula ndizi. Bwana Roger aliitazama saa yake mara nyingi kuliko alivyoutazama ukuta.

"Chef," Gaëlle alisema aliporudi, "hii ukuta haitembee tena. Siwezi kusinya ile karatasi."

"Unasinya, ao unarudi kwenu."

"Basi nitarudi kwetu."

Dereva aliuliza kama karatasi ipo, akaambiwa itafuata. Akasema yeye pia atafuata, akawasha mashine na kutoka nayo kwa mlango aliouingilia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile ya motere ikienda mbali.

Gaëlle alirudishwa kwao baada ya siku sita. Papa Zacharie na Mama Kavuo walimsindikiza na mfuko wa maharagi. Nilipompigia simu juzi kuhusu sherehe hii, kabla ya salamu aliuliza, "Ile bioo iko muzima?" Iko. Mtaionyeshwa katika darasa la sita baada ya hotuba, kama hotuba zitakwisha.

Mnadhani mradi ulijifunza? Bloku ya kisasa ilikuwa imeshapangwa, basi ikajengwa kwenye uwanja wa mpira wa watoto, madarasa mawili. Simenti yake ilikaa Kasindi, mpakani, wiki saba ikinyeshewa, ikafika imeganda, ikapondwa kwa nyundo na kutumiwa hivyohivyo. Manjanja yalikuwa membamba, mtu angeweza kuyakunja kwa goti. Papa Zacharie alipanda ngazi akaona mbao zimegongewa msumari mmoja mmoja. Alisema. Mnajua alijibiwa nini.

Ilizinduliwa mwezi wa tisa. Mwezi wa tatu mwaka 2019, karibu saa tano asubuhi, upepo ulianza kutoka upande wa kilima. Papa Zacharie alikuwa kwenye barza. Alisikia manjanja yakiinuka na kujirudisha, yakiinuka na kujirudisha. Aliacha ndoo aliyoishika, akakimbia, akaingia darasa la tano bila kubisha, Mwalimu Henri akiandika hesabu ubaoni.

"Mwalimu, musamaha. Batoto batoke sasa hivi."

"Tuko mu calcul, Papa Zacharie. Ngoja tumalize."

"Hapana maliza! Batoto, mutoke! Mukimbie kule kwa matao!"

Walitoka hamsini na wanane, na darasa lile jingine la bloku likawafuata kwa kuona wenzao wanakimbia. Wa mwisho alikuwa bado hajafika barza wakati paa lote liliponyanyuka. Nusu ilianguka kwenye mikaratusi, nusu barabarani. Boriti moja ilikwenda kulala katikati ya mstari wa tatu wa mabenchi. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Mwalimu Henri aliyejikwaa kwenye ngazi akachubuka goti. Ripoti rasmi inasema "upepo usio wa kawaida." Upepo huohuo ulipita juu ya jengo la 1953 na kuondoa mategula manne.

Baadaye nilimkuta Papa Zacharie ameketi chini, mgongo kwenye nguzo. Mtu alimletea chai. Nusu ya kikombe aliimwaga magotini. Nilikishika mimi, akanywa. Siku hiyo ndiyo nilimwomba msamaha wa ule mwavuli. Alikuwa hakumbuki.

Manjanja yaliyookotwa aliyakata na kuyakunja kuwa mifereji ya paa la jengo la zamani. Na mwaka 2021, familia zilizokimbia vita upande wa Mbau zilipolala katika madarasa yetu kwa miezi mitano, aliwajengea mafiga ndani ya bloku isiyo na paa ili wasipikie kwenye barza. Moshi ulitoka vizuri. Kwa mara ya kwanza bloku ya kisasa ilipata kazi iliyoiweza. Bloku mwenzake iliyojengwa na mradi uleule kule Beni, nasikia, haijabahatika hata kiasi hicho.

Bwana Roger alipanda cheo. Tulimwalika leo, ametuma udhuru, kwa barua.

Jumanne iliyopita Papa Zacharie aliniambia nimfuate, tukapanda ngazi hadi ndani ya paa. Nimefundisha historia chini ya mbao zile kwa miaka ishirini na miwili na sikuwahi kufika. Huko juu kuna giza baridi na harufu ya udongo mkavu. Aliwasha tochi. Kwenye boriti kubwa, kwa kalamu ya risasi, wajenzi walikuwa wameandika majina yao: kumi na tisa, pamoja na la Kambere. Jiwe la marumaru lililoko langoni lina jina moja, la mtawala aliyekuja kulizindua kwa siku moja. Nimefundisha jina lile kwa watoto, mwaka baada ya mwaka, na haya kumi na tisa sikuyajua.

Nilitoa kalamu mfukoni nikampa. "Papa Zacharie, andika na ya kwako."

Aliipokea, akafikiri. Akainama upande wa kusini wa boriti, akaandika polepole. Nilisogeza tochi nisome. Aliandika: *Mategula 14 yalibadilishwa hapa, mwezi wa 6, 2025. Ubao wa tatu iko na dudu, muangalie.*

"Na jina?" nilimuuliza.

"Jina ya nini? Mwenye atapanda huku atatafuta ubao wenye dudu. Hatanitafuta miye." Akanirudishia kalamu, akatangulia kushuka ili anishikie ngazi.

Papa Zacharie, walimu na watoto wa Kavisa tunakushukuru, na Mama Kavuo tunamshukuru zaidi, kwa kuwa yeye alilipa bila kuulizwa. Mungu awape siku nyingi, afya, na jiko la matofali ya kuchoma. Wazazi wameshayaleta, yako nyuma ya nyumba yenu tangu asubuhi. Sisi tunabaki. Jana nilipanda tena peke yangu, na tochi ya shule. Ubao wa tatu una dudu kweli. Jumatatu tunaanza kuubadilisha, mimi na Mwalimu Henri, na hatujui hata nyundo inashikwa wapi.